Je, Gor Mahia ya 1987 ingeitambua Gor ya leo?

KILA Gor Mahia inapoyumba, mjadala ule ule huzuka upya kuanzia vibanda vya Kaloleni jijini Nairobi hadi Kondele mjini Kisumu. Wazee huanza kutaja majina. Peter Dawo. Abbas Khamis Magongo. Austin Oduor. Sammy Onyango 'Jogoo'. Vijana nao, ambao walizaliwa baada ya majina hayo kuzima, hujibu kwa orodha yao: Michael Olunga, Meddie Kagere, Jacques Tuyisenge, Francis Kahata. Kila upande huapa kwamba kikosi chake ndicho bora zaidi kuwahi kuvalia jezi ya kijani kibichi, na aghalabu mjadala huishia kwa mzee kuinua kidole kimoja na kuuliza: "Nyinyi mlileta kombe gani la Afrika?"

Ni swali zito, na mpaka leo halijapata jibu. Hata hivyo, wanaouliza na wanaoulizwa huwa wanalinganisha wachezaji kumi na mmoja na wachezaji kumi na mmoja, kana kwamba timu ya kandanda huanguka kutoka mbinguni siku ya mechi. Makala haya yanakusudia kuutazama ulinganisho huo kwa njia nyingine. Tutaangalia kilichokuwa kikiizunguka timu ya mwaka wa 1987, kilichoizunguka ile ya kati ya 2013 na 2019, na hali ambamo kikosi cha miaka hii ya karibuni kimelazimika kufanyia kazi.

Tuanze na rekodi, kwani ndiyo isiyobishaniwa. Gor Mahia iliundwa Februari 1968 kutokana na muungano wa Luo Union na Luo Stars, ikachukua jina la mganga na kiongozi mashuhuri wa Kanyamwa ambaye simulizi zake bado hutambwa katika ufuo wa Ziwa Victoria. Ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka huo huo wa kwanza. Mnamo 1976 ikaunyakua tena bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka wa 1979 ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikaadhibiwa vikali na Canon Yaounde ya Cameroon: mabao 2-0 nyumbani na 6-0 ugenini. Jumla ya mabao manane bila jibu.

Ninaitaja fainali hiyo ya 1979 kwa makusudi. Wanaosimulia ushindi wa 1987 huusimulia kama muujiza, na bila shaka jina la klabu linawasaidia, maana mahia kwa Kijaluo ni mambo ya ajabu. Lakini hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na miaka minane ya kujifunza. Klabu ambayo Canon iliigeuza mwanafunzi ilirejea nyumbani, ikatwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1980, ikalihifadhi 1981, kisha ikalirejesha tena 1985. Katika ligi ya nyumbani ilitawazwa mara tatu mfululizo, 1983, 1984 na 1985. Timu iliyoshuka uwanjani kumenyana na Esperance ya Tunisia Novemba na Desemba 1987 ilikuwa timu iliyokwishapikwa ikaiva.

Matokeo yenyewe yanajulikana. Mechi ya kwanza jijini Tunis iliisha kwa sare ya 2-2. Marudiano yaliandaliwa katika uwanja wa Kasarani, ambao ulikuwa mpya kabisa kwa kuwa ulikuwa umefunguliwa mwaka huo huo kwa Michezo ya Afrika. Sare tena, 1-1. Jumla ikawa 3-3 na Gor ikatawazwa kwa sababu ya mabao mawili iliyofunga ugenini. Dawo aliibuka mfungaji bora wa kipute hicho, Oduor akapokea kombe akiwa nahodha, na kocha Mwingereza Jack Johnson akaingia katika vitabu vya historia. Kombe lenyewe wakati huo lilikuwa limepewa jina la Nelson Mandela, ambaye bado alikuwa mfungwa wa makaburu nchini Afrika Kusini.

Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tulizipata habari hizo kupitia redio ya Sauti ya Kenya, na pengine ndiyo maana kumbukumbu zetu zimekuwa tamu kupita kiasi. Mchezaji anayesikika redioni hakosei pasi ovyo. Msikilizaji humwona kwa macho ya mtangazaji, na watangazaji wetu wa enzi hizo walikuwa mafundi wa lugha. Kijana wa leo, kinyume chake, humtazama mshambulizi wa Gor akipoteza nafasi ya wazi, kisha huirudia video hiyo mara ishirini kwenye simu. Ushindani huo haulingani, na mtu mwadilifu hana budi kuwapunguzia vijana mzigo kidogo.

Jambo jingine la kurekebisha. Mashabiki wengi husema Gor ndiyo klabu pekee ya ukanda huu kuwahi kutwaa kombe la Afrika. Ukizihesabu Kenya, Uganda na Tanzania, hilo ni kweli. Ukilihesabu eneo lote la Cecafa, Sudan ikiwemo, basi Al-Merrikh ya Omdurman ilinyanyua kombe hilo hilo mnamo 1989. Sifa ya Gor haipungui kwa kuitaja Al-Merrikh.

Swali la maana zaidi ni hili: timu ile ilitoka wapi? Jibu la kwanza ni kwamba haikuwa peke yake. Kati ya 1980 na 1985, kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati halikutoka mikononi mwa Wakenya hata mwaka mmoja. Gor ililitwaa mara mbili za kwanza, AFC Leopards ikalichukua mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, kisha Gor ikalirudisha 1985 kwa kuwalaza hao hao Leopards 2-0 katika fainali. Harambee Stars nayo ilitwaa Kombe la Challenge 1981, 1982 na 1983. Mwaka wa 1987 wenyewe, miezi michache kabla ya fainali ya Gor, timu ya taifa ilifika fainali ya Michezo ya Afrika na kupoteza kwa bao moja tu mbele ya Misri.

Maana ya takwimu hizo ni kwamba mchezaji wa Gor wa miaka hiyo alikuwa akinolewa kila wikendi. Beki aliyemkabili mshambulizi wa Ingwe katika debi ya Mashemeji, akamkabili mwingine wa Kenya Breweries wiki iliyofuata, hakuwa na sababu ya kutetemeka alipomwona mshambulizi wa Tunisia. Kenya Breweries hiyo hiyo, ambayo leo ni Tusker, ilifika fainali ya kombe la Mandela mnamo 1994 na kushindwa na Motema Pembe ya Kinshasa. Ligi ilikuwa jiwe la kunolea. Kisu hakijinoi chenyewe.

Jibu la pili ni kwamba timu ile ilikaa pamoja. Wachezaji wa miaka ya themanini walikuwa wa ridhaa, wengi wakiwa na ajira kwingine na kufanya mazoezi jioni. Hawakuwa na mawakala. Soko la wachezaji wa Kiafrika barani Ulaya lilikuwa dogo, na kwa Mkenya lilikuwa karibu kutokuwepo. Kwa hivyo kipa David Ochieng alimjua beki wake, na beki alimjua kiungo wake, si kwa miezi sita bali kwa misimu kadhaa. Walizoeana hadi mmoja alijua mwenzake atakimbilia wapi kabla mpira haujampata.

Hapa ndipo penye utata ambao wazee hawapendi kuugusa. Kile tunachokisifu kama uaminifu kwa klabu kilikuwa pia ukosefu wa njia ya kutokea. Wanasoka wale walibaki kwa kuwa waliipenda Gor, naam, lakini pia kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwanunua. Wengi wao hawakuchuma chochote cha maana kutokana na miguu yao, na baadhi yao walizeeka wakiishi kwa kutegemea harambee na fadhila za wahisani. Anayetaka Gor ya leo irejee katika enzi hiyo na ajiulize iwapo angetaka mwanawe aishi maisha ya mashujaa hao baada ya makofi kunyamaza.

Baada ya 1987 klabu iliendelea kutamba kwa muda. Ilitwaa ligi 1990, 1991, 1993 na 1995. Kisha giza. Kwa miaka 18 Gor Mahia haikunusa taji la ligi, na kulikuwa na misimu ambapo ilinusurika shoka kwa tundu la sindano. Kizazi kizima cha mashabiki kilikua kikiambiwa kwamba klabu yao ni kubwa bila kuona ushahidi wowote. Migogoro ya uongozi iligeuka desturi, shirikisho la kandanda likawa halitulii, na wafanyabiashara waliokuwa wakifadhili timu wakapata mahali pengine pa kuweka pesa zao. Sitakaa sana katika miaka hiyo. Walioishi wanaijua, na wasioijua hawajakosa kitu.

Ufufuo ulianza mwanzoni mwa muongo uliofuata. Mcroatia Zdravko Logarusic aliirejeshea timu makali mwaka wa 2012, na ingawa aliondoka kabla ya kuvuna, taji la 2013 lilipatikana chini ya Mskoti Bobby Williamson. Lile la 2014 likafuata. Mnamo 2015, chini ya Frank Nuttall, Gor ilifanya jambo ambalo halikuwa limetendeka klabuni tangu 1976: ilimaliza ligi bila kushindwa.

Kikosi hicho cha 2015 ndicho vijana hukiweka mezani dhidi ya kile cha 1987, na wana haki. Langoni alikuwepo Boniface Oluoch. Ulinzi uliongozwa na nahodha Musa Mohammed, pembeni akiwemo Mganda Godfrey Walusimbi. Katikati alikuwepo Mganda mwingine, Khalid Aucho, kiungo ambaye baadaye alikuja kuwa nguzo ya Yanga na ya timu ya taifa lake. Mbele walisimama Kagere na Olunga, jozi ambayo mabeki wengi wa ligi yetu waliiona kama adhabu. Iwapo kigezo ni kipaji cha mchezaji mmoja mmoja, basi mimi binafsi ninamweka Olunga juu ya mshambulizi yeyote aliyewahi kuichezea klabu hiyo, Dawo akiwemo. Najua kauli hiyo haitanipatia marafiki Kaloleni.

Ushahidi wangu ni kile Olunga alichofanya baada ya kuondoka. Alienda Djurgarden ya Uswidi 2016, akapitia China, akafunga mabao matatu katika mechi moja ya ligi kuu ya Uhispania akiwa na Girona Januari 2018, kisha akahamia Kashiwa Reysol ya Japan. Huko alipachika mabao manane katika mechi moja mnamo Novemba 2019, na mwaka wa 2020 akamaliza mfungaji bora wa ligi kuu ya Japan kwa mabao 28 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Hakuna Mkenya mwingine aliyelelewa na ligi yetu aliyefunga mabao kiasi hicho katika ligi ngumu kama hiyo.

Lakini tazama tarehe. Olunga aliichezea Gor msimu mmoja pekee. Aliwasili 2015, akafunga mabao 19 ligini, akaondoka. Msimu uliofuata klabu iliingia Ligi ya Mabingwa barani Afrika na kubanduliwa katika raundi ya mwanzo kabisa na CNaPS Sport ya Madagascar, timu ambayo Gor ilikuwa imeitoa mashindanoni mwaka mmoja tu awali. Hata katika ule mwaka wa kutoshindwa, Gor ilikuwa imetolewa na AC Leopards ya Dolisie, Congo, na ilipofika fainali ya Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam, Azam iliilaza 2-0.

Mabingwa wasioshindwa nyumbani, lakini wepesi wa kushindwa wakivuka mpaka. Hali hiyo haikuwahi kuisumbua timu ya miaka ya themanini kwa kiwango hicho, na sababu yake tumekwisha kuitaja: jiwe la kunolea lilikuwa limelainika. AFC Leopards, ambayo taji lake la mwisho la ligi ni la 1998, haikuwa tena mshindani wa kweli wa ubingwa. Gor ilikuwa ikishinda mbio ambazo wapinzani wengine walikuwa wakikimbia wakiwa na njaa.

Kuna kikosi kimoja ambacho katika mjadala huu husahaulika, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kulinganishwa na kile cha 1987. Ni kile cha 2018 na 2019. Chini ya Dylan Kerr, Gor ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika 2018, ikakutana na Yanga ya Tanzania, Rayon Sports ya Rwanda na USM Alger ya Algeria. Yanga ilichapwa 4-0 Nairobi. Msimu uliofuata, chini ya Hassan Oktay, ilianzia Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Lobi Stars ya Nigeria kwa sheria ile ile ya mabao ya ugenini iliyoipa kombe 1987, ikateremka Kombe la Shirikisho na kuingia tena makundi. Februari 2019, Zamalek ya Misri ilikuja Kasarani na kurudi kwao na kichapo cha 4-2. Gor ikafika robo fainali, ambako RS Berkane ya Morocco iliikomesha: 2-0 Nairobi, 5-1 Berkane.

Wengi wanakumbuka mabao hayo saba ya Berkane na kucheka. Wanasahau mambo mawili. Kwanza, Zamalek iliyocharazwa 4-2 Kasarani ndiyo iliyotwaa kombe msimu huo, na iliyeshinda katika fainali ni hiyo hiyo Berkane. Yaani Gor ilimshinda bingwa katika mechi moja na kutolewa na aliyemaliza wa pili. Pili, hesabu mechi. Mbili dhidi ya Nyasa Big Bullets ya Malawi, mbili dhidi ya Lobi, mbili dhidi ya New Star ya Douala, sita za makundi, mbili za robo fainali. Jumla ni mechi 14 za bara katika msimu mmoja, juu ya ligi ya nyumbani, na kikosi kilikuwa chembamba. Kombe la 1987 lilichezwa kwa mtoano tangu mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na makundi. Timu nzuri iliyokuwa na kumi na mmoja wa kutegemewa iliweza kufika mbali. Mashindano ya siku hizi huwatafuta wachezaji 25, madaktari, ndege na hoteli.

Na hapo ndipo fedha zinapoingia, tutake tusitake. Gor ya miaka hiyo ilisimama juu ya mguu mmoja, nao ulikuwa udhamini wa kampuni ya kamari ya SportPesa. Mwaka wa 2019, kampuni hiyo ilipozozana na serikali kuhusu ushuru na leseni, ilikata ufadhili wake kwa michezo yote nchini. Mguu ukaondoka. Klabu haikuwa na mwingine.

Kilichofuata hakikuhitaji mtabiri. Tuyisenge alihamia Petro de Luanda ya Angola 2019. Kahata akaenda Simba mwaka huo huo. Beki Joash Onyango akamfuata 2020. Kagere alikuwa ametangulia Msimbazi mwaka wa 2018, na katika msimu wake wa kwanza huko akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania kwa mabao 23. Gor iliyobaki ilibanduliwa na USM Alger, ikabanduliwa tena na Motema Pembe, na Desemba 2020 ikafungwa 6-0 na CR Belouizdad jijini Algiers baada ya safari iliyojaa misukosuko. Mishahara ilicheleweshwa, wachezaji wakagoma mazoezi, kesi zikafika Fifa, na klabu ikapigwa marufuku ya kusajili kwa sababu ya madeni.

Msomaji atauliza, mbona basi klabu hiyo hiyo ilitwaa ligi 2022-23 na 2023-24 chini ya Johnathan McKinstry na kufikisha mataji 21? Ni kweli, na sifa zimwendee kocha huyo pamoja na vijana wake, wakiwemo Benson Omala na Austin Odhiambo. Walifanya kazi katika mazingira ambayo wengi wangeyakimbia. Lakini tuliangalie taji la 2023 lilivyotumika. Lilipaswa kuwa tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Gor haikucheza. Ilikosa leseni ya Caf kwa sababu ya malimbikizo ya madeni. Bingwa wa Kenya alikaa nyumbani akatazama wengine wakicheza.

Iwapo kuna jambo moja ambalo lingewashangaza wanaume wa 1987, si mbinu za kisasa wala viatu vya rangi ya waridi. Ni hilo. Wao walisafiri na kucheza bila mishahara ya kitaalamu. Warithi wao walishinda haki ya kucheza, kisha wakanyimwa na daftari la mhasibu.

Walipopata leseni mwaka uliofuata, waliwatoa El Merriekh Bentiu ya Sudan Kusini na kukutana na Al Ahly. Matokeo yalikuwa 3-0 Nairobi na 3-0 Cairo, Septemba 2024. Sikuona aibu yoyote katika kufungwa na Al Ahly, klabu yenye mataji mengi zaidi ya Ligi ya Mabingwa barani. Nilichokiona ni umbali. Mnamo 1987 klabu ya Kenya na klabu ya Tunisia zilitoka sare mara mbili na kutofautishwa na sheria. Mnamo 2024 klabu ya Kenya na klabu ya Misri hazikuonekana kucheza mchezo mmoja.

Je, Waafrika Kaskazini wamekimbia, ama sisi tumesimama? Yote mawili, lakini la pili ndilo linalouma, kwa kuwa jirani zetu wamethibitisha kwamba inawezekana kukimbia. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na kupoteza kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini pekee. Simba ilifika fainali ya kombe hilo 2025 na kushindwa na RS Berkane. Hizo ni klabu ambazo katika miaka ya themanini zilikuja Nairobi kwa hofu. Zimefanikiwa kwa kuwa zimepata wawekezaji wenye hisa na sauti, haki za matangazo zenye thamani, na mashabiki wanaolipa. Nao wachezaji waliozijenga, msomaji, unawajua. Kagere, Kahata, Joash, Aucho. Tuliwalea sisi, au tuliwapitishia hapa, wakaenda kuvunwa ng'ambo ya Namanga.

Msimu wa 2024-25 uliweka wazi kwamba hata nyumbani enzi zimebadilika. Gor ilibadilisha makocha zaidi ya mara moja. Taji la ligi likaenda kwa Kenya Police, kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu hiyo. Katika fainali ya kombe la shirikisho Juni 2025, Gor ililazwa 2-1 na Nairobi United, klabu iliyokuwa ikicheza daraja la pili. Nairobi United hiyo iliingia Kombe la Shirikisho la Afrika, na Oktoba 2025 ikaibandua Etoile du Sahel kwa penalti na kufika makundi. Etoile ni ya Tunisia. Mtu wa Gor mwenye kumbukumbu ndefu lazima alimeza mate aliposikia habari hiyo.

Polisi wana mwajiri. Nairobi United ina wenyewe wanaojua wanachotaka. Gor Mahia ina wenyewe laki kadhaa, na kwa hiyo kiutendaji haina mwenyewe. Ni klabu ya wanachama, na wengi wa hao wanachama hawalipi ada. Uwanja wake haina. Kwa miaka mingi mapato ya langoni yamevuja kabla ya kufika benki, na idadi ya jezi bandia zinazouzwa nje ya Nyayo siku ya debi inatosha kumlipa mshambulizi mmoja mzuri. Pendekezo la kuigeuza klabu kuwa kampuni yenye hisa limejadiliwa mara nyingi, na kila mara linakutana na hofu ambayo si ya kipuuzi: kwamba tajiri mmoja, au mwanasiasa mmoja, ataichukua klabu ya jamii na kuifanya shamba lake. Nimeisikia hofu hiyo kwa watu ninaowaheshimu. Hata hivyo, hali ya sasa haijawazuia wanasiasa kuitumia Gor kila unapokaribia uchaguzi. Imewazuia tu kuwajibika kwa madeni yake.

Kuhusu swali la wazee na vijana, basi, haya ndiyo maoni yangu. Mchezaji kwa mchezaji, kikosi cha 2015 kilikuwa na vipawa vingi zaidi kuliko kile cha 1987. Kwa kazi iliyofanywa dhidi ya wapinzani wagumu katika mazingira magumu, kikosi cha 2019 hakijapewa heshima inayokistahili. Lakini kama timu, kama kundi la watu waliojua wanachofanya wakiwa pamoja, sijaona cha kulinganisha na kile cha Austin Oduor. Tofauti haiko miguuni. Ile ya 1987 ilikuwa zao la miaka minane. Ile ya 2015 ilidumu miezi kumi. Ile ya 2019 ilivunjwa na barua moja ya mdhamini.

Harambee Stars ilipoilaza DR Congo Kasarani Agosti 2025 katika mashindano ya CHAN, bao la pekee lilifungwa na Austin Odhiambo, kijana wa Gor, katika uwanja ule ule ambao kombe la Mandela lilinyanyuliwa. Vipawa vingali vinazaliwa. Uchaguzi wa viongozi wa klabu unapofanyika, swali ambalo wanachama wangefaa kumuuliza kila anayetaka kura zao ni ana mpango gani wa kumlipa kijana kama huyo mwezi wa tatu, wa nane na wa kumi na mbili, na pesa hizo zitatoka wapi iwapo mdhamini ataondoka.